Faiba, redio ya paani au laini ya simu: ipi inakuambia inapoumwa?

Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, nilipigiwa simu na mama mwenye duka la vitenge Kariakoo, ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Mtaa wa Uhuru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtandao hakuna tangu nimefungua, na kuna taa nyekundu."

"Hiyo taa imeandikwaje? Na inawaka moja kwa moja au inakonyeza?"

Akasogea, akavaa miwani, akasoma herufi moja moja. "L. O. S. Inakonyeza."

Nilikuwa bado nyumbani Tabata, chai mkononi, na tayari nilijua mambo mawili. Kisanduku chake kina umeme na akili zake ziko sawa. Na mwanga wa faiba haukifikii. Nikamwambia atazame nyuma ya kisanduku, kuna kamba nyembamba ya manjano, aifuate mpaka ukutani. Vijana wake walikuwa wameshusha marobota Jumamosi jioni, na robota moja lilikuwa limeegemea ukuta na kuikunja ile kamba kama mtu anavyokunja kona ya daftari. Wakalisogeza. LOS ikazimika, taa ya PON ikakonyeza kwa muda, ikatulia kijani. Mazungumzo yote hayakufika dakika kumi, na sikutoka nyumbani.

Saa tano siku ileile nikaitwa na ofisi ya mawakala wa forodha, mtaa wa pili tu kutoka pale. "Fundi, taa zote ni kijani, lakini hatupati kitu." Hao walinichukua hadi saa kumi na moja jioni. Laini yao ilikuwa redio ya paani, ile antena ya juu ya paa inayopokea mtandao kwa mawimbi kutoka jengo jingine.

Ndiyo maana naandika ulinganisho huu. Karibu kila mtu anayetaka mtandao wa ofisi au duka hapa Dar es Salaam huniuliza megabiti ngapi kwa shilingi ngapi. Ni swali la haki, lakini linahusu siku laini ikiwa nzima. Mimi naomba uulize pia: siku ikiharibika, nitajuaje kilichoharibika, na nani ataweza kukigusa? Kwa mfanyabiashara anayepoteza wateja kwa kila saa ya ukimya, jibu la swali hilo lina thamani kuliko megabiti ishirini za nyongeza.

Kipimo ninachotumia

Kabla ya kuzilinganisha, nieleze kipimo kimetoka wapi. Nilijifunza kazi hii kwenye ruta kubwa zenye laini za kukodi za E1, zile za megabiti 2.048 kwa sekunde, ambazo benki na mashirika walizitegemea kwa miaka mingi. Zilikuwa za polepole kwa kipimo cha leo, lakini alamu zake zilisema ukweli kwa rangi tatu. Nyekundu: mimi huku sisikii kitu kutoka upande wa pili. Njano: upande wa pili unaniarifu kwamba haunisikii mimi. Bluu: kuna kifaa katikati ya njia ambacho chenyewe hakipokei kitu, kwa hiyo kinatuma ishara ya kujaza nafasi ili mimi nijue tatizo liko nyuma yake.

Ukisoma rangi hizo vizuri, unajua kosa liko upande gani kabla hujashika bisibisi. Ukitaka uhakika unafanya lupu: unairudisha ishara ya ruta kwenye ruta yenyewe. Alamu ikiondoka, ruta na kadi yake ni wazima, na kosa liko nje. Alamu ikibaki, acha kumlaumu mtu wa laini, kosa ni lako. Kisha unaisogeza lupu hatua moja mbele, na nyingine tena, mpaka unafika mahali alamu inaporudi. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Kwa hiyo kila laini naipima kwa maswali mawili. Je, inasema nani hamsikii nani? Na je, ninaweza kuikata vipande na kupima kipande kimoja kimoja? Faiba, redio na laini ya simu (ruta ya kadi, ya 4G au 5G) hujibu maswali hayo kwa namna tofauti kabisa.

Faiba

Kwa swali la kwanza, faiba ya nyumbani na ya ofisi ndogo ndiyo inayosema waziwazi kuliko zote. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki au umefifia kupita kiasi. LOS ikiwa imezimika lakini PON inakonyeza bila kutulia, mwanga unafika ila kisanduku hakijakubaliwa na mtambo wa kampuni: mara nyingi namba yake ya utambulisho haijasajiliwa, au kimebadilishwa na mtu akasahau kutoa taarifa. PON ikitulia na taa ya intaneti ikakataa kuwaka, njia ya mwanga ni nzima, na tatizo ni la akaunti, malipo au mipangilio. Taa zote tatu zikiwa sawa na bado hakuna kurasa zinazofunguka, tazama mbali zaidi, pengine hata nje ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, watu wengi mjini walizima na kuwasha ruta zao siku nzima wakati taa zao zilikuwa zinasema kweli: huku kwako hakuna kosa.

Lakini uzuri wa faiba hauko kwenye taa peke yake. Ndani ya kurasa za kisanduku kuna namba moja ambayo wateja wachache sana wameoneshwa: nguvu ya mwanga unaopokelewa, inayoandikwa kwa dBm, siku zote ikiwa na alama ya kutoa mbele. Kwa vifaa vya kawaida vya GPON, mfumo wa faiba moja kugawiwa wateja wengi, kisanduku huweza kusoma mwanga mpaka kama -27, na mwanga ukizidi -8 unakuwa mkali mno kwake. Mimi nikifunga laini nataka kuona kati ya -15 na -24. Tofauti kati ya namba mbili za dBm huhesabiwa kwa dB, na kumbuka kila dB tatu zinazopotea maana yake nusu ya mwanga imepotea. Ukiwa na -19 mwezi wa kwanza na -22 mwezi wa tatu, laini bado inafanya kazi na mteja haoni tofauti yoyote, lakini nusu ya mwanga imekwenda mahali. Koneta imeingia vumbi, au kamba imebanwa na mlango, au kiungio cha kwenye nguzo kimeingia maji. Unampigia mtu wa kampuni kabla laini haijafa, ukiwa na namba ya kumsomea, na mtu mwenye namba husikilizwa tofauti na mtu anayesema "mtandao unasumbua."

Hasara nyingi za mwanga zinajulikana mapema. Splita inayogawa faiba moja kwa wateja 32 peke yake hula kama dB 17, kwa sababu mwanga unagawanywa na kugawanywa tena. Kilomita moja ya faiba hula kidogo sana, chini ya nusu dB. Kwa hiyo mtu akikuambia mwanga wako ni dhaifu kwa sababu uko mbali kidogo, mwombe ahesabu mbele yako. Umbali wa mitaa miwili hauwezi kula dB tano. Koneta chafu inaweza, na kona kali ya waya inaweza. Vilevile koneta ya kijani ikichomekwa kwenye tundu la bluu: ya kijani imechongwa kwa mshazari na ya bluu imenyooka, hivyo vioo viwili havigusani sawasawa. Nimekuta hilo mara nyingi kwenye ofisi ambako mtu alinunua kamba mpya dukani akiangalia urefu bila kuangalia rangi.

Jambo moja la usalama, na nalisema kwa uzito wote: usichungulie ncha ya faiba. Mwanga unaokuja kwako una urefu wa wimbi wa nanomita 1490, jicho haliuoni, kwa hiyo giza unaloliona halithibitishi chochote.

Kwa swali la pili, la kukata vipande, faiba inakunyima. Huwezi kuifanyia lupu kutoka kwako, kwa sababu uzi ni mmoja na kisanduku kinatuma kwa nanomita 1310 huku kikisubiri 1490, hivyo hata ukikirudishia mwanga wake mwenyewe hakitausikia. Kipande chako ni kile cha kutoka ukutani hadi kwenye kisanduku, basi. Ukishakinyoosha, ukaichomoa koneta na kuirudisha vizuri, na LOS bado nyekundu, kazi imebaki kwa mwenye kifaa cha kupimia umbali wa mkato, kile kinachotuma mpigo wa mwanga na kuhesabu muda unaochukua kurudi. Kifaa hicho humwambia fundi kwamba kosa liko mita kadhaa kutoka kwenye mtambo. Wewe hapo unasubiri. Na Dar es Salaam ya mitaro ya barabara za mwendokasi, mabomba na nguzo zinazohamishwa, kijiko cha tingatinga kikishapita, subira inaweza kuwa ya siku nzima au zaidi.

Kuna faida nyingine ambayo mteja haioni. Umeme ukikatika, kisanduku cha faiba huweza kutuma ujumbe mmoja wa haraka kabla hakijazimika, kikisema kimekosa umeme. Ndiyo maana mtu wa huduma kwa wateja wakati mwingine anakuambia "kwako hakuna umeme" kabla hujamwambia. Hakubahatishi. Ameusoma ujumbe huo kwenye mfumo wake.

Redio ya paani

Narudi kwa wale mawakala wa forodha. Redio yao ilikuwa ya gigahezi 5.8, imetazamana na jengo lililo kama kilomita mbili, upande wa Posta. Ruta ilionesha kijani, swichi kijani, na adapta ya kupandishia umeme paani nayo kijani. Taa hizo hazikusema uongo, ila zilikuwa zinajibu swali lingine. Taa ya kijani kwenye tundu la ruta inasema tu kwamba waya kati ya ruta na redio ni mzima. Kuhusu kilomita mbili za hewa kati ya redio na mwenzake haijui kitu. Huo ndio udhaifu mkubwa wa redio: alamu yake haiko kwenye sanduku unaloliona. Imo ndani ya ukurasa wa redio, na ofisi nyingi hazina hata nywila ya kuufungua, kwa sababu aliyefunga aliondoka nayo.

Lakini kwa swali la pili redio inaipita faiba kwa mbali, maana unaweza kuikata vipande ukiwa umekaa kwenye kiti. Nilipiga pingi, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu na kwa muda gani, kwa redio yao ya paani: majibu yote, chini ya milisekunde mbili. Kipande cha kwanza kizima. Nikapiga pingi kwa redio ya upande wa pili: moja inajibu kwa milisekunde tatu, inayofuata inapotea, nyingine inarudi baada ya milisekunde 400. Sikuhitaji kwenda mbele zaidi. Kosa lilikuwa hewani. Ukurasa wa redio ulionesha ishara -76, na siku tunafunga nilikuwa nimeandika -58 kwenye karatasi ndani ya kabati yao.

Ishara haidondoki dB 18 kwa vumbi. Ama redio imegeuzwa, ama kuna kitu kimesimama njiani. Nikapanda paani. Upande wa Posta, mahali ambapo miezi michache nyuma nilikuwa naona jengo la wenzetu lote, palikuwa na mirunda ya slabu mpya, ghorofa moja juu ya ile niliyoizoea. Kilele cha jengo la pili bado kilionekana pembeni, na hilo ndilo linalowadanganya wengi: kwa kuwa jicho linaona, wanadhani redio nayo inaona. Redio haihitaji uzi mwembamba wa kuonana peke yake. Inahitaji uwanja unaotanuka katikati ya njia kama ndizi nene, na kwa kilomita mbili za gigahezi 5.8 nusu ya unene wake pale katikati ni kama mita tano. Mirunda ilikuwa imeingia ndani ya ndizi hiyo. Tuliongeza mlingoti mita tatu, ishara ikarudi -61, ofisi ikafanya kazi. Nikawaambia waziwazi kwamba jengo lile halijaisha, na Kariakoo ghorofa hupanda, haziteremki.

Yako maradhi mengine ya redio ya hapa kwetu. Ukanda wa Msasani, Kunduchi na Mbezi Beach, chumvi ya bahari hula vibanio na koneta, na redio huanza kulegea taratibu mpaka upepo wa siku moja unaigeuza kidogo. Masika yakianza, watu husema mvua imeharibu ishara. Kwa gigahezi 5 mvua yenyewe haina uzito huo. Kwa redio za juu ya gigahezi 10 ina uzito, tena mkubwa. Kwa hizi za kawaida, maji yaliyoingia kwenye koneta ya waya paani ndiyo mchawi. Dalili yake ni hii: ishara ya hewani iko palepale, lakini hesabu ya makosa kwenye tundu la ruta inapanda.

Usiulaumu upande wa nje kabla hujatazama waya wako

Hili linahusu laini zote tatu, na nalitaja kwa sababu linapoteza muda wa watu wengi. Tundu la mtandao lililokuwa linaonesha kasi ya megabiti 1000 likishuka na kubaki 100 bila wewe kubadilisha chochote, karibu kila mara kuna waya umekatika ndani ya kebo au kwenye kichwa chake. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu za nyaya kati ya nne zilizo ndani ya kebo, ya chungwa na ya kijani. Kasi ya 1000 inazihitaji zote nne. Kwa hiyo ukishuka hadi 100, angalia jozi ya bluu na ya kahawia kwanza, na uanzie kwenye ncha inayokanyagwa au kuvutwa. Nimewahi kukuta panya, nimewahi kukuta kiti cha magurudumu, na mara nyingi zaidi nimekuta kichwa kilichobanwa na kibanio kibovu. Mteja wa megabiti 20 hatajua tofauti. Mteja wa megabiti 200 atagombana na kampuni ya laini mwezi mzima kwa kosa la waya wa mita mbili. Na kama kebo yako ya shaba imepita mita 100 kutoka swichi hadi kifaa, hapo hupimi kosa tena, umejenga kosa.

Laini ya simu

Ruta ya 4G au 5G haihitaji maelezo marefu. Unaweka kadi, unaiwasha, unafanya kazi siku hiyohiyo. Dalili zake ni chache na zimechanganyikana: vijiti vya mtandao vinashuka, kasi inashuka, basi. Kifurushi kilichoisha kinafanana kabisa na laini iliyokufa, na nimeitwa kwa hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda, kwa hiyo angalia salio kabla hujampigia mtu. Ukitaka kusoma vizuri, ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute RSRP, namba ya nguvu ya ishara ya mnara. Kwenye -80 uko vizuri sana, -110 unaombaomba. Kisha tazama SINR, namba inayoonesha kelele: RSRP nzuri na SINR mbaya maana yake unasikia mnara vizuri lakini kuna minara mingine inapiga kelele sikioni mwako, na hapo kuisogeza ruta dirisha jingine husaidia kuliko kununua antena.

Kipimo chake cha kukata vipande ni rahisi kuliko vyote: toa kadi, itie kwenye simu yako, simama palepale. Simu ikipata mtandao, ruta ndiyo mgonjwa. Simu nayo ikikosa, mgonjwa ni mnara, akaunti au kifurushi. Hakuna faiba wala redio inayokupa jibu kwa sekunde thelathini namna hiyo. Ila ukishajua kwamba ni mnara, umefika mwisho wa uwezo wako. Mnara umejaa watu saa mbili usiku Sinza na Mwenge, na hakuna mipangilio ya kwako itakayowapunguza.

Mwenye kamera za ulinzi anazotaka kuziona akiwa safarini afahamu pia kwamba laini nyingi za simu hazikupi anwani yako mwenyewe ya mtandao. Mnaichangia wengi. Kamera zinazotegemea huduma ya mtengenezaji zitafanya kazi. Zile za kuingia moja kwa moja kutoka nje hazitafanya.

Zikiwekwa kwenye saa moja ya umeme kukatika

Hapa ndipo tofauti inaonekana kwa haraka. Faiba yenyewe na splita yake njiani havihitaji umeme wowote. Unahitaji kukiwasha kisanduku chako tu, na vingi hutumia volti 12 na hula kidogo, hivyo betri ndogo ya ruta inayouzwa madukani inakubeba kwa saa kadhaa. Redio inataka umeme kwako na kwa jirani unayetazamana naye, na kama kuna jengo la katikati, nalo pia. Umekata tiketi yako na bado unategemea watu wawili wengine wakate zao. Laini ya simu inategemea betri na jenereta za mnara, na kwa uzoefu wangu mnara hustahimili kukatika kwa muda mfupi vizuri, kisha katizo likirefuka kila mtu wa mtaa anahamia kwenye simu na kasi inaporomoka hata mnara ukiwa hai.

Ninachomshauri nani achukue nini

Duka au ofisi ya katikati ya mji ambako faiba imeshafika ukutani: chukua faiba, na uweke laini ya simu kama akiba. Usichukue redio kwa sababu tu imepungua bei kidogo, hasa kama njia yake inapita juu ya majengo yanayojengwa. Wale mawakala wa forodha sasa wako kwenye faiba, na redio wameibakiza kama ya pili.

Bohari au kiwanda pembezoni, Kigamboni ya mbali kwa mfano, ambako faiba haijafika: redio ni chaguo zuri, kwa sharti kwamba una nywila za redio zote mbili na ruhusa ya maandishi ya kupanda paa la upande wa pili. Bila ruhusa hiyo, siku ya kosa utakuwa unamtafuta mlinzi mwenye ufunguo badala ya kutafuta kosa. Mwenye kibanda cha uwakala wa pesa, au anayepanga chumba kwa miezi sita, laini ya simu inamtosha na asipoteze hela ya kufungiwa.

Kwa anayeweza kulipia laini mbili, zisiwe zinazokufa pamoja. Faiba mbili za kampuni mbili zikipita kwenye mtaro mmoja ni laini moja yenye bili mbili. Muulize kila mmoja waya wake unaingia jengoni kwa upande gani, kisha shuka ukautazame kwa macho yako.

Na ukishakuwa na mbili, kagua namna ruta yako inavyoamua kuhama. Mawakala wa forodha walikuwa na laini ya simu ya akiba siku ile, imelipiwa, ina kifurushi, na haikuwaka kuwasaidia hata dakika moja. Ruta yao ilipangwa kuhama pale tu tundu la kwanza litakapozimika, na tundu halikuzimika, kwa sababu waya wa kwenda paani ulikuwa mzima. Panga ruta ipige pingi kwa anwani mbili za nje ya laini hiyo, 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwa mfano, kila baada ya sekunde chache, na ihame zikikosa kujibu mara kadhaa mfululizo. Weka mbili ili moja ikilala yenyewe usihame bure. Kisha jaribu mpangilio huo siku ya Jumapili: usichomoe waya wa ruta, zima redio ya upande wa pili, au chomoa ile kamba ya manjano kwenye kisanduku, uone kama kazi inaendelea.

Muuzaji akija, mwambie akuoneshe ukurasa wenye namba ya mwanga au ya ishara mbele yako, na akupe nywila ya kuufungua. Akikataa, omba angalau akusomee namba hiyo siku ya kufunga na akuandikie. Malalamiko yanaanzia kwake, na yakikwama unaweza kuyapeleka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, lakini hata huko utaeleweka haraka ukiwa na tarehe, saa na namba.

Yule mama wa vitenge nilipita dukani kwake wiki ileile, kwa sababu nilitaka kuisogeza kamba ya manjano isipite tena nyuma ya marobota. Nikampimia: -19.4. Akaniomba kalamu ya wino mzito, akaiandika mwenyewe kwenye kipande cha boksi, na tarehe chini yake, akakibandika ukutani juu ya kisanduku kwa utepe wa kufungia mizigo. Chini ya tarehe akaongeza kwa mwandiko wake: "LOS nyekundu, tazama kamba kwanza."